Paja la Semkiwa na Fahali Mmoja

Sogeeni, wajukuu, na ninyi watu wazima msijifanye mnapita tu. Haya yalivunja nyumba.

Palikuwa na Semkiwa, mpiga mieleka wa kijiji cha bondeni. Mkewe, Hidaya, alikuwa na msimamo: akisema hapana, ukuta ungehama kwanza. Mdogo wake Semkiwa, Kihiyo, alikuwa na mgongo: angelima kutwa asiseme nimechoka. Na Mntambo, mpinzani wake kutoka ng'ambo ya mto, alikuwa na jicho: akikuona unatembea, anajua maumivu yamekaa wapi.

Miezi miwili kabla ya mashindano, wakipimana nguvu, goti la Mntambo lilizama kwenye paja la Semkiwa, mbele, katikati ya nyama. Mfupa ulikuwa mzima. Lakini alipofika nyumbani paja lilikuwa limevimba kama boga, limeiva weusi, na goti halikunjiki.

Mama yake akateleka maji palepale. Kwao, paja la namna hiyo hukandwa kwa maji ya moto, na anayekanda ni mama mzazi. Asipokanda, watu husema hampendi mwanawe. Hidaya akasimama mlangoni.

"Mama, nisamehe, hapa hupiti. Baba yangu alikandwa siku ya kwanza, nyama ikaota ugumu kama mfupa. Alichechemea mpaka kaburini."

"We mtoto! Paja hilo nililizaa mimi!"

"Ulilizaa, mama. Nitakayeishi nalo ni mimi."

Akayamwaga yale maji. Siku nne alilifunga paja kwa vitambaa vya maji baridi ya kisima, akivibadilisha kila vilipopata joto. Mama mkwe akabeba sufuria lake, akahamia kwa bintiye. Hajaonja chakula cha Hidaya tangu hapo.

Mvua zikaanza. Semkiwa, mguu unaburuzika, akashika jembe. Kihiyo akamnyang'anya.

"Kaka, keti. Ukiligusa tena nitakupiga hilo paja lililobaki."

Akalima shamba la kaka yake hadi mwisho. La kwake likaliwa na nyani, na wanawe wakawa wanakorogewa uji mwepesi kama maji ya kunawia.

Wiki ya tatu uvimbe ulikuwa umekwisha, ila mguu umekakamaa kama mchi. Ndipo Mntambo akavuka mto.

"Umekuja kumalizia?" Semkiwa akamwuliza.

"Nimekuja kukukunja. Lala kifudifudi. Kisigino kiende matakoni. Kikichoma, acha. Kisipochoma, ongeza kidogo."

Kila asubuhi hivyo hivyo. Kisha kuchuchumaa, kisha kupanda mlima. Siku kisigino kilipogusa tako, Semkiwa alilia kama mtoto. Ng'ambo ya mto wakamwita Mntambo msaliti, wakamfukuza kikosini, na baba yake akamfungia mlango.

Mashindano yakafika. Semkiwa akawaangusha wote, akapewa fahali na shuka jekundu. Desturi ni hii: mshindi humfunga shuka begani mtu mmoja tu, yule aliyemwezesha kusimama uwanjani, naye ndiye huondoka na fahali, jina lake likiimbwa pamoja na la mshindi. Shuka halichanwi, fahali hagawanywi. Ngoma ikinyamaza kabla shuka halijafungwa, mshindi hapigi mieleka tena maishani.

Semkiwa akashika shuka. Wote watatu walikuwa mbele yake.

"Bila mimi ungekuwa na mfupa pajani," akasema Hidaya. "Na mama yako hanijibu hata salamu."

"Bila mimi ungelitonesha shambani," akasema Kihiyo. "Wanangu wamekonda, kaka."

"Bila mimi usingelikunja," akasema Mntambo. "Na kwetu sina pa kurudi."

"Wewe ndiye uliyempiga!" Hidaya akamkemea.

"Goti lilikuwa la mchezo, shemeji. Kuvuka mto hakuna aliyenituma."

Mara watu wakapisha. Mama yake Semkiwa akajipenyeza mpaka mbele, akateremsha kanga, akaliacha bega wazi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "watu wananitazama."

Hidaya akageuza uso. Kihiyo akatazama chini. Yule ni mama yake pia. Mpiga ngoma amechoka, mikono inamlegea, mapigo yanahesabika.

Haya, semeni. Shuka likiwa mkononi mwako, ungelifunga bega la nani? Na waliobaki, kesho ungewapa salamu gani?