Mbio za Saa Sita Mchana

Zamani sana, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kuamkiana asubuhi kama sisi, palikuwa na Digidigi wawili, mke na mume. Mke aliitwa Zamda, mume aliitwa Mbaruku. Mnamjua digidigi? Ni mnyama kama paa, lakini mdogo, mdogo kabisa! Miguu yake myembamba kama njiti za kibiriti.

Walikaa katika kichaka cha miiba karibu na bwawa. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Ukikanyaga majani, kacha! kacha! Bwawa likapungua, likabaki kiasi cha uwanja mmoja. Hapo Nyati na rafiki yake Duma wakalikalia.

"Hanywi mtu hapa!" Nyati alinguruma. "Mwenye kiu aende mtoni!"

Na mtoni, wanangu, ni mwendo wa nusu siku. Wanyama wengi wakajikokota hukohuko. Zamda hakwenda. Mumewe alikuwa amevunjika mguu siku Nyati alipowatimua wenzake bwawani, akamkanyaga wala asigeuke kutazama.

"Nenda na wenzako, mke wangu," Mbaruku alimwambia. "Mimi nitatafuna mizizi."

"Wewe utafune mizizi, mimi ninywe maji? Hayo maji yatapita kooni?"

"Zamda, nisikilize..."

"Sikusikilizi."

Akatoka, ti-ti-ti-ti, mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Nani huyo? Sikuoni."

"Niko hapa chini, mzee. Mume wangu hawezi kutembea. Naomba awe anakunywa hapa."

Nyati alitikisa pembe zake. "Bwawa hili ni la wenye nguvu na mbio. Nishindeni mbio, nitawafungulia wote. Hamniwezi? Basi!"

"Haya," alisema Zamda.

"Haya nini?"

"Nitakushinda. Nipe mwezi mmoja. Tukimbie kutoka hapa hadi lile jiwe jeupe kule mbali na kurudi, mara saba."

Duma alicheka mpaka akagaagaa. "Kwa kwa kwa! Hata mimi nitakimbia! Mara saba? Hata mara sabini!"

Zamda alirudi kichakani. Akamweleza mumewe, akidhani atamgombeza. Mbaruku aliutazama mguu wake uliovunjika. Kisha akasema, "Kabla sijavunjika nilikuwa mkimbiaji. Nitakufundisha. Utakimbia saa sita mchana."

"Saa sita! Jua likiwa utosini?"

"Ndiyo. Saa hizo wale wawili wamelala kivulini, hawatakuona. Na wao jua hawalijui."

Siku ya kwanza Zamda alitoka mbio, fyuuu! Hakufika hata jiweni. Macho yalimwingia kiza, akaanguka pu! Mbaruku alijikokota kwa miguu mitatu mpaka alipo, akasimama juu yake ili kivuli chake kimfunike. Kivuli chenyewe kidogo, kilitosha kichwa tu.

"Nani alikuambia ukimbie kama mwizi?" alimuuliza taratibu, huku akimlamba paji la uso. "Kimbia kama unayekwenda kumjulia hali shangazi. Polepole. Pumua kwa pua. Ukichoka, tembea."

Siku ya pili alifika jiweni akarudi, akatembea nusu ya njia. Siku ya nane alienda mara mbili. Mbaruku alichomeka kijiti ardhini, akawa anapima kivuli chake: leo umetumia vidole vitatu vya kivuli, jana vinne. Zamda akizidisha mwendo, Mbaruku alipiga mluzi kwa pua, zwii! Maana yake, punguza. Alfajiri walichimba mizizi yenye majimaji, na kila siku Mbaruku alimsogezea mkewe ule mnene.

"Huu wako," alisema Zamda.

"Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Zamda aliziona, akageuza uso, na kesho yake akakimbia mara tano bila kutembea hata hatua moja.

Huko bwawani, Nyati na Duma walikoroma kivulini. Khoro! Khoro! Mwezi mzima.

Ilipobaki siku moja, Zamda alikwenda kwa Nyati akichechemea, ulimi nje, hah! hah! hah! Wanyama wengi walikuwa wamerudi kutazama mbio.

"Mzee Nyati, naomba jambo moja. Tukimbie alfajiri, kukiwa na ubaridi. Saa sita nilijaribu nikaanguka, nusura nife!"

Duma alimkonyeza Nyati. Nyati akatabasamu.

"Saa sita juu ya alama!" alisema. "Mbele ya wote hawa naapa, saa hiyo haibadiliki."

"Jamani, mzee, nihurumie!" Machozi yakamtiririka Zamda, tiri-tiri-tiri.

"Saa sita! Na iwe sheria!"

Aliporudi kichakani, alijitupa chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Ameapa! Ameapa mwenyewe!"

"Waliopita hapa wanasema ulilia," alisema Mbaruku.

Kicheko kikakatika. "Nililia kweli. Nilipotaka kujiliza nilikumbuka siku ile uliyokanyagwa, machozi yakaja yenyewe."

Mbaruku alimsogelea, wakalala mgongo kwa mgongo.

Saa sita ikafika. Ardhi ilichemka kama chungu. Tumbili akapiga kelele, "Moja, mbili, tatu!"

Duma, fyaaa! Kama mshale. Alifika jiweni kabla Zamda hajafika popote. Lakini wakati wa kurudi ulimi ulimtoka, miguu ikamgoma, akajilaza chini ya mgunga. "Endeleeni tu," alisema, "mimi nitakuja." Hakuja.

Nyati alishika njia, ndu! ndu! ndu! Vumbi likapanda. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, Zamda alikuwa nyuma kabisa. Ti-ti-ti-ti, kama anayekwenda kwa shangazi.

"Kimbia, Zamda! Utaachwa!" watazamaji walipiga kelele, na moyo ukamdunda, miguu ikataka kuruka. Zwii! Mluzi ukasikika kutoka kichakani. Akapunguza.

Mzunguko wa nne, ndu... ndu... Wa tano, Zamda akampita Nyati ubavuni. Wa sita, alipogeuka jiweni kurudi, alimkuta Nyati amepiga magoti juani, povu mdomoni.

Angeweza kupita tu! Huyu ndiye aliyemvunja Mbaruku mguu. Zamda alipita hatua kumi, akasimama. Akarudi.

"Mzee, simama. Mti ule pale. Hatua chache tu."

"Siwezi..."

"Unaweza. Pumua kwa pua. Polepole. Nifuate."

Akamtangulia hatua kwa hatua mpaka kivulini, kisha akapiga kelele wanyama wamletee Nyati tope bichi la bwawani, wampake kichwani. Ndipo akaendelea na safari yake. Alipomaliza mzunguko wa saba, hata Duma alishangilia.

Jua lilipopoa, Nyati alikuja bwawani akiyumba. "Wewe mdogo! Ulilia kwamba jua huliwezi!"

"Nilisema nilijaribu nikaanguka, mzee. Ni kweli. Sikusema ilikuwa siku ya kwanza tu. Baada ya hapo nilikimbia siku ishirini na tisa, na wewe ulikuwa umelala."

Nyati akatazama tope lililokauka puani mwake. "Nami niliapa mwenyewe," alisema. Kisha akasogea pembeni, akapisha njia.

Zamda alikwenda kichakani akamleta mumewe. Yeye aliyekimbia mara saba sasa alitembea kwa mwendo wa kilema, hatua moja, pumziko, hatua moja, pumziko. Wanyama wote walisubiri nyuma yao na kiu zao, hakuna aliyesukuma.

"Anza wewe," alisema Mbaruku. "Umekimbia."

"Kunywa, bwana wee! Wenzio wanangoja!"

Mbaruku akainamisha kichwa, akanywa, gu-gu-gu, mpaka masikio yakalowa. Zamda alisimama kando yake, ulimi umemkauka, akimtazama koo likipanda na kushuka.

Basi jueni, wanangu, kwamba mdogo anayejizoeza kila siku na kutumia akili humshinda mkubwa anayetegemea nguvu zake tu.