Foleni ya Walioona

“Elfu saba yangu! Nimekupa noti ya elfu kumi, kutazama mara moja ni elfu tatu. Chenji iko wapi?”

“Nimeshakupa, bwana. Jipekue vizuri.”

“Nijipekue? Mimi mwizi wa pesa yangu mwenyewe?”

Wapendwa, mfano wangu unaanzia kwenye ugomvi huo, na msiniulize nani alikuwa na haki, maana hao wawili sio ninaowataka. Nawataka waliokuwa nyuma yao.

Kulikuwa na fundi redio mmoja aliyependa mambo ya angani. Hakusomea popote. Alinunua darubini ya mtumba, akaifunga kwenye miguu mitatu ya mbao, akajifunza mwenyewe. Mwaka mmoja sayari mbili, Zuhura na Mshtarii, zikakaribiana mno. Kwa macho matupu ungeona nuru moja tu, upande wa machweo. Kwenye darubini zilikuwa mbili, zimekaa bega kwa bega. Fundi akatangaza mji mzima: atakayezikosa jioni hii, zikikaribiana hivi tena yeye atakuwa kaburini. Watu wakapanda hadi uwanja wa shule, wakapanga foleni. Jua limeshazama, sayari zinashuka kuelekea mlimani, na wingu linakuja kutoka kusini. Kila mtu roho juu.

Fundi akawaonya: “Msiiguse. Dunia inazunguka, kwa hiyo sayari zinatoka kwenye kioo zenyewe. Kila anapomaliza mtu, mimi ndiye ninayeisogeza.”

Akawa anaisogeza kweli. Mpaka ulipozuka ule ugomvi wa chenji kati yake na mteja mmoja, akaipa darubini mgongo.

Foleni haikusubiri. Aliyefuata alikuwa mwalimu mstaafu. Akainama, akaweka jicho. Giza. Giza tupu, kama ndani ya chungu. Sasa jiwekeni mahali pake. Umelipa. Umesoma. Nyuma yako wanafunzi wako wa zamani wanangoja useme neno. Utasema huoni?

Akainuka, akajifuta paji la uso. “Naam! Mbili kabisa. Kazi ya Mungu hii.”

Wa pili naye akaona giza. Lakini mwalimu ameona mbili, yeye ni nani? “Nimeziona! Moja kubwa, moja ndogo.” Wa tatu akaongeza na rangi. Mnacheka? Chekeni, tutafika.

Kwenye foleni hiyo alikuwamo mama mmoja mshona nguo. Jicho lake la kulia, lile la kutungia uzi, lilikuwa limeanza kumletea ukungu. Taa aliiona, watu aliwaona. Vitu vidogo ndivyo vilivyomkimbia. Hospitali aliogopa kwenda, asije akaambiwa jicho limekwisha. Na kulikuwa na mtu anayeitaka cherehani yake, kila siku anapita kuulizia bei. Basi mama akajiapiza moyoni: nikiona mbili, jicho bado ninalo, cherehani haiuzwi. Nikikosa, kesho aje aichukue. Ujinga? Labda. Na wewe ulipokuwa na hofu, ulijipimia kwa nini?

Akainama. Akafumba jicho la kushoto, akaweka la kulia.

Giza.

Akalipangusa kwa upindo wa kanga, akarudi. Giza.

“Mama, sogea basi, zinazama!”

“Hilo siyo tundu la sindano, mama!” Watu wakaangua kicheko.

“Jamani,” akasema, “mbona mimi sioni kitu? Ninyi mmeona kweli?”

Sikilizeni hapo. Aliuliza. Na wale waliokwisha kutazama walikuwa wamesimama palepale. Neno moja tu lingetosha: hata mimi sikuona. Mwalimu akakohoa. “Tumeona wote, mama. Hayo ni macho yako tu.”

Mama akajifunga kanga, akateremka peke yake.

Ugomvi ukaisha, chenji ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Fundi akarudi, akachungulia, akashtuka. “Hee! Darubini inatazama giza tangu nianze kugombana! Ninyi mlikuwa mnaona nini humu?”

Akaisogeza kidogo tu, zikaingia: mbili, safi, bega kwa bega. “Haya, rudini mtazame bure.” Na foleni ikapangwa upya, ndugu zangu! Mama alikuwa bado anaonekana njiani. Mtu angeita, angesikia. Lakini kumwita ni kumwambia, nilikudanganya. Kila mmoja akamwachia mwenzake. Kisha sayari zikazama nyuma ya mlima, na mama akapotea kwenye kona.

Asubuhi cherehani ikapita barabarani, imefungwa nyuma ya pikipiki ya mnunuzi. Hiyo waliiona wote. Hakuna aliyehitaji darubini. Na jicho lenyewe, alipokuja kupimwa baadaye, lilikuwa linataka miwani tu.

Sasa sisi. Msitazame dirishani, nasema nanyi. Fundi alikosa, ndiyo. Aliacha kazi yake akagombania chenji. Lakini nani aliyemnyang’anya yule mama cherehani? Ni watu wema, waliovaa vizuri, walioogopa kuonekana hawaoni.

Jumapili iliyopita, humu ndani, tulisimama mmoja mmoja tukashuhudia kuhusu mkesha wa maombi: nimesikia sauti, nimeguswa, mzigo umetoka. Ikafika zamu ya dada mmoja aliyefiwa na mwanawe. Akasema, “Mimi nimeomba mpaka kumekucha, sijasikia kitu. Wenzangu mnasikiaje?” Tukamjibu nini? Tukamwambia imani yake ni ndogo. Wangapi kati yetu tulisikia sauti kweli? Sitaki mtu anyooshe mkono. Najua mikono ingekuwa michache. Leo hayupo. Nafasi yake ile pale, karibu na mlango, mnaiona. Yuko nyumbani, anaamini Mungu amemkataa yeye peke yake.

Leo hatuimbi wimbo wa mwisho. Nyumba yake mnaijua. Anatudai ukweli. Nendeni mkamlipe sasa hivi.