Kwa Nini Jina Liliacha Kuwa Ufunguo

Sogeeni huku, na anayetafuna karanga amalize kwanza. Mmeniuliza kwa nini majedwali ya kompyuta za hospitali hii yanadai namba wakati mtu ana jina lake zuri alilopewa na wazazi. Mnaona ni usumbufu. Vijana bwana! Kaeni niwaambie.

Hapo kale, majina yalipokuwa bado yanatosha, mgonjwa wa huku kwetu milimani Upareni hakuwa na namba. Alifika dirishani akasalimia, na Sefania, karani aliyekaa ndani, akamwitikia kwa jina na kumuuliza mbuzi wake hawajambo. Sefania ndiye marehemu mume wangu, kwa hiyo msishangae nikimsifu. Sisi Wapare mtoto hupewa jina la bibi au babu yake, basi ukoo mmoja ungeweza kuwa na akina Namkunda watatu, wote Mbwambo. Yeye hakubabaika. Aliuliza tu, "Wewe ni wa nani?" Ukishamwambia, amekujua: nyumba yenu, homa zako za utotoni, na dawa inayokudhuru. Jamani, ilikuwa raha. Ulikuja mgonjwa, lakini ulijiona mtu.

Kisha kompyuta ikaja. Fundi aliyeileta, kijana mmoja mpole aitwaye Kiangi, alitengeneza jedwali moja refu. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake, jina mwanzoni, kisha kijiji, maradhi na dawa. Jina ndilo lilikuwa ufunguo: ukiliandika, mstari unafunguka. Kosa lilikuwa hapo hapo, na hakuna aliyeliona. Bibi Namkunda alikuwa na mjukuu mwenye jina lake. Jina lile lilipoingia mara ya pili, kompyuta ilidhani ni mtu yuleyule, ikamwaga mambo ya mjukuu kwenye mstari wa bibi. Presha ya bibi na mwili wa mjukuu unaoikataa penisilini vikalazwa kitanda kimoja.

Bibi akafariki. Utaratibu wa ofisi ulikuwa kumfuta aliyefariki, basi asubuhi ya maziko Sefania akaufuta ule mstari huku machozi yakimlengalenga, maana alimpenda sana yule bibi.

Mchana uleule mjukuu akaletwa kutoka msibani akiwa amebebwa. Kifua kilikuwa kimembana na homa imempanda, hata maneno hayamtoki. Nesi alikuwa mgeni kwetu. Akaandika Namkunda Mbwambo, kompyuta ikajibu hakuna mtu huyo. Akaona huyu ni mgonjwa mpya, hana historia yoyote, akavuta penisilini kwenye sindano. Mimi, wakati huo mhudumu wa wodi, nilikuwa nimemshika mgonjwa miguu. Sefania akalisikia lile jina kule dirishani, akaja mbio, kiatu kimoja kimemvuka.

"Namkunda wa nani?" akapaza sauti. "Wa nani?"

Shangazi wa mgonjwa akamkazia macho. "Namkunda wetu, baba! Wa Elinazi!"

"Wa Elinazi? Msimchome! Hiyo dawa itamuua!"

Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi. Nesi akairudisha nyuma. Mgonjwa akapewa dawa nyingine, akapona. Ndiye yule mama muuza maparachichi pale getini, mnayemsumbua kila siku awachagulie yaliyoiva.

Sefania hakula siku ile. Nilimwandalia, akakisogeza chakula pembeni. "Nimemfuta mtu aliye hai," akaniambia. "Na siku nisipokuwepo mimi wa kuuliza?"

Ndipo yeye na Kiangi wakalivunja lile jedwali. Watu wakapata jedwali lao, kila mmoja na namba yake peke yake, hiyo ndiyo ikawa ufunguo. Maradhi yakahamishiwa kwenye jedwali jingine, dawa nazo vilevile, na kila mstari wa huko ukabebeshwa namba ya mwenyewe. Ukiuliza dawa hii ni ya nani, mstari unakujibu. Swali ni lilelile la Sefania, mjue hivyo. Lakini yeye mwenyewe hakuifurahia ile kazi mpya. Kuita namba na mtu akasimama kulimtia uchungu, na mimi niliyerithi kiti chake nazikumbuka mno zile salamu za mbuzi. Ndiyo zimekwenda hivyo.

Na tangu siku hiyo hapa kwetu tunauliza namba kwanza. Namba ya mtu hapewi mwingine, na aliyefariki hafutwi. Tunaandika tu kwamba amefariki, mstari wake unabaki.

Juzi mjukuu wetu aliletwa na homa. Naye ni Sefania, jina la babu yake. Mama yake alikuwa amesahau kadi yenye namba nyumbani, nikaandika jina, wakatokea wawili, mmoja chini ya mwingine. Wa juu ameandikwa amefariki, na dawa zake za kifua za mwaka ule wa mwisho bado zipo palepale. Mtoto analia mgongoni kwa mama yake, foleni inanisubiri. Nikamchagua wa chini. Ilinichukua muda, wanangu, mpaka nesi akaniuliza kama kompyuta imekwama. Nikamwambia ndiyo.