Pacha wa Sarafu ya Shamte

Shamte wa Mkunazini, muuza vitu vya kale, alikuwa tajiri wa mali na wa viapo. Alimpa Mize Machejo sarafu ya kale ya Kilwa, akachukua bangili ya dhahabu aliyoachiwa Mize na marehemu mama yake. Kumbe sarafu ilikuwa ya bandia! Mize aliporudi kuidai bangili, Shamte alimfukuza barazani kama kuku.

Asubuhi moja wakusanyaji wa sarafu, matajiri watupu, walijaa dukani. Mize akaingia akicheka, ngumi moja kaifumba, akaiweka ile sarafu mezani.

"Nisamehe, Bwana Shamte! Kumbe hii ni ya kale kweli?"

"Wallahi ya kale! Tazameni mkwaruzo huu kando ya nyota. Hauna wa pili duniani!"

"Basi furahi nami! Nimempata pacha wake. Mkwaruzo ule ule, pale pale! Nifumbue ngumi wageni waone?"

Wageni wakarefusha shingo. Kila mkusanyaji anajua kwamba sarafu mbili hazikwaruziki sawasawa, isipokuwa zimemiminwa katika kalibu moja. Na Shamte alikuwa amemimina ndoo nzima ya sarafu kama hiyo!

Alimvuta Mize nyuma ya kabati, jasho likimtiririka.

"Usifumbue, mwanangu! Shika bangili yako. Nenda, nenda na pacha wako!"

Mize aliivaa, akatoka akiringa. Uchochoroni akafumbua ngumi, akautia mdomoni ubuyu uliokuwamo, akaenda zake akiumumunya.