Shule Iliyopanda Mwamba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na serikali yao na vyungu vyao jikoni, Tembo alikuwa Mkuu wa Elimu. Akatangaza mageuzi: watoto wote wahamie bwenini kando ya mto, wafundishwe kazi za maisha.

Kazi zenyewe zilikuwa kusukuma magogo na kuoga matope.

Bi Pimbi aliishi juu ya mwamba. Pimbi huianza siku kwa kuota jua wakiwa wameshikamana, mama na wana. Tangu mwanawe Kijoti achukuliwe, aliota jua peke yake, na ubavu mmoja haukupata joto. Bado alipakua chakula cha wawili, kisha hamu ya kula ikamwishia.

Akapiga hesabu, akaona kulia hakujamrudisha mtoto hata hatua moja. Akashuka mtoni.

"Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba. Umekuja kulia tena?"

"Hasha. Nimekuja kuyasifu mageuzi yako. Ila majirani wananicheka. Ati huwezi kufundisha kupanda mwamba, nayo ndiyo kazi ya maisha yetu."

"Nani kasema siwezi? Mimi, mwenye shahada mbili?"

"Ndivyo nilivyowajibu. Nikaongeza kwamba somo likikushinda, utawaachia wazazi walifundishe kwao."

"Nimekubali. Wanafunzi, nifuateni mshuhudie."

Tembo akaweka mguu mwambani, akaweka wa pili. Poro-poro-poro, puu! Akarudia. Poro-poro-poro, puu!

"Leo pana utelezi," alisema, akijipangusa vumbi.

"Huwa hivyo kila siku, Bwana Mkuu," alijibu Bi Pimbi kwa adabu.

Watoto wa pimbi walikuwa wameshapanda, tiki-tiki-tiki, wakimtazama kutoka juu. Tembo akauondoa mguu mwambani.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Asubuhi nitafundisha mimi hapa chini ya mwamba. Alasiri fundisheni ninyi huko juu. Usiku walale kwao."

"Na magogo?"

"Hayo nitawafundisha wanangu."

Bi Pimbi akapanda mbio. Kijoti alikuwa amerefuka, akinuka matope ya ugenini.

"Mama, ulinikumbuka?"

"Kidogo," alisema, wala hakumwachia mkono hadi jua likazama.

Mageuzi ya shule huwafaa watoto pale yanapokubali kujifunza kutoka kwao.