Chafya ya Mzee Kisyeri

Koleo likivunjika, mhunzi mvivu hufunga kazi akaenda kulalamika kilabuni. Mhunzi wa kweli hutupa macho huku na huku, akatafuta cha kushikia chuma kabla hakijapoa. Anayebisha na aende Susuni, wilayani Tarime, akamuulize Nikodemo fundi redio.

Nikodemo alikuwa mtu wa maneno mengi na bahati chache. Alichimba dhahabu Matongo miaka minne, akatoka na vitu viwili: sururu na kikohozi. Sururu aliiuza, kikohozi hakikupata mteja. Ndipo akajifunza kutengeneza redio, na watu wakampenda, kwani hata redio iliyomshinda aliirudisha imefutwa vumbi na kusindikizwa na mzaha.

Mtu mmoja tu aliweza kumfunga mdomo, naye ni mama mkwe wake, Bibi Mokami. Si kwamba walikosana, la hasha! Kwa Wakurya, mwanamume humheshimu mama mkwe kwa kukaa mbali naye. Hamtazami usoni, wala hawaketi pamoja. Mmoja akiingia, mwingine hupisha. Kwa miaka ishirini na miwili maneno yao yote, hata shikamoo, yalipitia kwa Jenipha, mke wa Nikodemo, kama maji yapitavyo mferejini.

Siku moja Jenipha alimletea mumewe sanduku zito lililofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri moja nyeusi.

"Mama anasema sikio la kulia limeshafunga mlango," alisema. "La kushoto daktari amemwambia halitamaliza mwaka. Anataka kumsikia baba mara moja tu kabla halijafunga."

Baba huyo, Mzee Kisyeri, alikuwa amelala kaburini mwaka wa kumi na moja. Enzi za ujana wake alibeba iritungu, lile zeze la nyuzi nane, akaenda Kisumu na kurekodi wimbo mmoja. Nakala iliyobaki ndiyo hiyo, na ilinyamaza tangu kamani, ile springi inayoizungusha gramafoni, ilipokatika.

"Tena anasema sikiliza mwishoni. Kuna chafya. Baba aliikana mpaka anakata roho."

Nikodemo aliunga kamani kwa subira ya kinyonga. Ilikubali, lakini kwa masharti: ukiacha kuzungusha mkono, nayo inaacha kuimba. Sindano aliikuta moja tu, imejificha kwenye pembe ya sanduku, na madukani hakuna aliyekuwa nazo. Hakuthubutu kuijaribu.

Bahati nzuri redio ilitangaza kwamba Tarime mjini kutakuwa na gulio la santuri. Naam, santuri! Zile zilizokuwa zikifunikia mitungi sasa zimerudi kwa kishindo, na vijana wanazikumbatia kama mbuzi aliyezaliwa jana. "Huko kuna mashine za umeme zenye spika kubwa," Nikodemo alimwambia mkewe. "Sikio la mama litashiba. Hili sanduku nitalibeba kama tairi la akiba."

Basi Jumamosi asubuhi akatangulia kwa bodaboda, sanduku mapajani, mkewe na mama mkwe wafuate baadaye. Ukumbini meza zilijaa santuri, na vijana kutoka Musoma, Mwanza na ng'ambo ya mpaka wa Sirari walizipekua wakizipuliza vumbi. Nikodemo akamwendea kijana mmoja aitwaye Heche, mwenye mashine iliyong'aa kama kioo cha kinyozi.

Heche aliishika ile santuri kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. "Pole, mzee. Hii ni ya zamani kabisa, inataka mbio kuliko hii mashine yangu. Na sindano yangu ni nyembamba, itapotea kwa hiyo mifereji. Hapa hakuna mashine inaweza."

"Basi leo tairi la akiba ndilo gari," alijibu Nikodemo. Akafungua sanduku, akaweka santuri, akafunga sindano yake ya pekee. Watu wakasogea. Akaanza kuzungusha, akanyanyua mkono wa sindano taratibu, na papo hapo mlangoni akatokea Bibi Mokami, ameshikwa mkono na Jenipha.

Mwili ukatangulia, akili ikafuata. Nikodemo aliruka ampishe mama mkwe, kama alivyofanya miaka yote. Mkono wa koti lake ukanasa. Ule mkono wa sindano ukagonga ukingo wa sanduku, ti! Sindano ikakatika vipande viwili.

 Nikodemo alitokea mlango wa nyuma, akasimama nje akitazama viatu vyake. Alikuwa amefukiwa kifusi mara mbili kule Matongo, lakini hakuwahi kujiona mdogo namna ile. Heshima yake mwenyewe ndiyo iliyomnyima mama wa watu sauti ya mumewe.

"Jenipha," alisema Bibi Mokami alipokwisha kuketi, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri, "mwambie mume wako aache kuomboleza chuma. Sindano zilipotuishia sisi zamani, tulifanyaje? Tulikata mwiba wa mgunga!"

"Mama! Mbona hukusema siku zote?"

"Aliniuliza nani? Huyo akiniona si anakimbia kama nina upele?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikodemo hakungoja mjumbe. Alichomoka hadi kwenye ua wa miiba nyuma ya ukumbi, akarudi na mwiba, akausimamisha juu ili uonekane.

"Huo mbichi. Mwambie alete mkavu."

"Anasema mkavu," alisema Jenipha.

"Nimesikia."

"Anasema amesikia, mama."

Akaleta mkavu. Akatoa wembe, akaanza kuukata ncha. Bibi Mokami alijikaza, akajikaza tena, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Nikodemo! Mshazari, baba! Kata mshazari!"

Wazee waliokuwa karibu walishika midomo. Nikodemo akaugeuza wembe. "Ndiyo, mama," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu aoe.

Mwiba ukaingia mahali pa sindano. Gramafoni ikazunguka, na sauti ikatoka, lakini ndogo mno, kama nyuki ndani ya kibuyu. Bibi Mokami hakusikia kitu. Akainuka, akaja, akalaza sikio lake la kushoto juu ya sanduku. Nikodemo akiacha kuzungusha, wimbo unakufa. Mama mkwe akisogea, wimbo haumfikii. Basi wakainama pale wote wawili, vichwa vikikaribia kugusana, na desturi ikawapa kisogo kidogo, kwa adabu.

Iritungu lililia, na kijana Kisyeri akaimba akimsifu ndama wake mwekundu, pembe, nundu na mwendo.

"Ndama huyo ndiye aliyetangulia kwenye mahari yangu," alinong'ona Bibi Mokami. "Mimi mwenyewe hakunisifu hata mstari mmoja, mjinga yule." Machozi yalimtiririka hadi kidevuni.

Wimbo ukafika mwisho. Nyuzi zikatulia. Kisha kutoka ndani ya mwiba, wazi kabisa: *chya!*

Bibi Mokami aliinua kidole juu kama mwamuzi wa mpira. "Chafya! Mmesikia? Miaka hamsini ananiita mwongo!" Akacheka mpaka akamshika mkwewe bega ili asianguke, wala hakuliachia upesi. "Zungusha tena, mwanangu. Nimkamate mara ya pili."

Mwiba ulikuwa umekwisha kulika. Nikodemo akatia mkono mfukoni, ambamo alikuwa amejaza miiba mikavu mpaka inamchoma paja, akachagua mmoja, akaukata mshazari. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.