Macho Aliyoyaacha Mjusi Njiani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, aliishi Mjusi, mwembamba kama ubua, aliyeolewa mbali na kwao. Kwao kulikuwa nyuma ya majabali mawili, na katikati ya majabali palikuwa na upenyo mmoja tu.

Kila magharibi sauti ya mama yake ilivuka upenyo ule. "Chek-chek-chek!" Akiisikia, Mjusi alikuwa akisahau chungu motoni. Mwaka mmoja sauti ikaanza kukonda. Jioni nyingine ilikuja "chek" moja, basi.

"Sauti haina uso," Mjusi akasema. "Mama nataka kumwona."

Lakini upenyoni alikaa Swila, nyoka mtema sumu, shingo pana kama ungo. Huyo hakimbizi mtu. Anakulenga machoni, ptuu! Nyani alijaribu kupita, akarudi akipapasa hewa. Nguruwe mwitu akarudi akigonga miti.

"Nikipita juu ukutani, meno yake hayanifiki," Mjusi aliwaza. "Mate ndiyo yatanifika. Na mimi sina kope za kufumba!"

Siku moja macho yake yakaingia ukungu. Wakati wa kujivua ngozi ulikuwa umefika.

Tulieni, msikie hapa. Juu ya jicho la mjusi pana utando mwembamba unaopitisha mwanga. Vichembe hai vilivyouunda ndivyo vinavyopokea vumbi, mchanga na jua kali. Vikichakaa hufa, na chini yake vipya vimekwisha kujipanga. Ndipo utando wa zamani hubanduka pamoja na ngozi. Siku hizo wenye kujivua hujifungia ndani, maana hawaoni vizuri.

Mjusi akatoka nje.

"Wee shoga!" jirani yake Guruguru akapiga kelele. "Macho yote maziwa matupu, unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Swila atakupofua!"

"Leo ndiyo siku nzuri ya kupofuliwa. Niangalizie chungu."

Akaenda akipapasa, akapanda jabali, akafika juu ya upenyo.

"Hodi, Mjomba Swila!"

"Karibu, kitoweo. Hujasikia ninavyopokea wageni?"

Ptuu! Sumu ikatua kwenye jicho la kushoto. Lakini utando ukaishika sumu, haikupenya.

"Yalaaa! Jicho langu! Afadhali umebakiza la kulia."

"Nibakize? Mimi?" Ptuu!

"Aa, limelowa nusu tu. Uzee huo, Mjomba!"

Swila akavimba kwa hasira. Ptuu! Ptuu! Ptuu! Akatema mpaka koo likamkauka.

"Uwii! Sasa giza! Naanguka! Mjomba, nitaangukia wapi?"

"Kinywani mwangu!"

"Basi rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Achama."

Swila akarudi nyuma, kinywa wazi kama mlango wa zizi, akangoja. Huko juu Mjusi akasugua upande mmoja wa kichwa jabalini, kwaruu! Utando wa kushoto ukabanduka na sumu yake. Kwaruu! Wa kulia ukafuata. Dunia ikang'aa.

"Mjomba, funga kinywa, nzi wataingia! Macho uliyoyapofua ni ya kutupwa."

"Hee!" Swila akaguta. "Mbona hata mimi hujivua hivyohivyo! Lakini siku hizo hujificha shimoni!"

"Ndiyo maana hukufikiri kuna atakayetoka."

Swila akalenga tena. Pfff! Upepo mtupu. Mjusi akatimka ukutani, tiri-tiri-tiri, mpaka upande wa pili.

Mama alikuwa amejilaza juu ya jiwe, ngozi imepauka, mbavu zinahesabika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?" Kisha akainua kichwa. "Mwanangu! Umepitaje? Hukuumia? Mumeo hajambo? Nijibu basi, mtoto wewe!"

Mjusi alimwangalia mama kuanzia pua mpaka ncha ya mkia, kisha akaanza upya kutoka puani.

Funzo ni hili: kubali kuacha kilichochakaa, upate kuokoa kilicho hai.